Kupanda Elgon Mwezi wa Nane: Pima Saa ya Kusimama

Shule zinapofungwa mwezi wa nane, makundi ya vijana, walimu na wafanyakazi wa Kitale na Bungoma huanza kupanga safari ya Mlima Elgon. Ni jambo la kueleweka. Mlima uko karibu, nauli si kubwa, na likizo ndiyo hiyo. Tatizo ni kwamba likizo hii imeangukia kipindi kigumu. Upande huu wa nchi hauna masika na vuli zilizotengana kama kule Pwani. Mvua huanza Machi ikielekea Aprili na kuendelea hadi Oktoba, na Agosti ni miongoni mwa miezi yake mizito. Julai na Agosti ndiyo pia miezi ya kipupwe, ambapo hata mjini Kitale watu hushinda na sweta. Basi swali huwa: twende, tusiende? Wengi hulijibu kwa kutazama mawingu asubuhi ya safari, au kwa kujiuliza kama wataiweza baridi. Naona kipimo hicho hakifai. Mtu anayetembea hutoa joto jingi, na karibu kila mwenye afya anaiweza baridi ya Elgon maadamu anatembea. Cha kupima ni saa ambayo mtalazimika kusimama: mmoja ameteguka mguu, ukungu umefunika njia, au mtoto amechoka kabisa, nanyi mmelowa. Kama mna jibu la saa hiyo, nendeni hata mwezi wa nane. Kama hamna, msipande juu, hata kama Endebess, chini ya mlima, kumeamka na jua kali.

Tuanze na hesabu, maana mjini watu huipima baridi ya mlimani kwa baridi ya mjini. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bungoma karibu mita 1,400. Kilele cha Koitobos, ambacho wengi wanaopitia lango la Chorlim hukilenga, kina mita 4,222. Sudek, kilichoko mpakani, kina mita 4,302, na Wagagai upande wa Uganda, kirefu kuliko vyote, mita 4,321. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo siku ambayo mchana wa Kitale una nyuzi 20, Koitobos itakuwa na kama 5. Aliyetoka Bungoma kwenye nyuzi 24 atakuwa ameacha nyuma karibu nyuzi 18 kufika huko. Nyuzi 5 ni baridi ya ndani ya friji ya nyumbani, na mtu anaweza kusema hilo si jambo la kutisha. Ni kweli, akiwa mkavu na hakuna upepo. Lakini maji huondoa joto mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na upepo hupeperusha kile kitabaka cha hewa ya joto kinachokaa juu ya ngozi. Shati la pamba na jinzi vikishalowa havikingi tena chochote. Vinakuwa kitambaa baridi kilichobandikwa mwilini. Joto la ndani ya mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 tayari ni ugonjwa, na safari ya kutoka 37 hadi 35 haihitaji barafu. Inahitaji mvua, upepo, na mtu asiyesogea.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua ulitokea mbali na hapa, lakini unatuhusu sana sisi wa nchi ya wakimbiaji. Tarehe 22 Mei 2021, karibu na mji wa Baiyin katika mkoa wa Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio za mlimani za kilomita 100. Hawakuwa wanyonge. Miongoni mwao alikuwa Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji mashuhuri zaidi wa mbio ndefu nchini humo. Walivaa kaptula na fulana nyepesi, maana mwili unaokimbia haupendi mzigo, na jaketi la kukinga upepo halikuwa sharti la mashindano. Karibu na adhuhuri wakapigwa na mvua baridi, mawe ya mvua na upepo mkali kwenye mwinuko usio na pa kujificha. Watu 21 walikufa, Liang Jing akiwa mmoja wao. Walikuwa wakitegemea joto la mwendo, na mwendo uliposhindikana hawakubaki na kitu. Na waliopona je? Mchungaji mmoja aliyekuwa katika eneo lile aliwaingiza wakimbiaji sita katika pango alilokuwa ameweka nguo na chakula chake, akawasha moto, nao wakaishi. Kilichowatenganisha hao sita na wenzao waliokufa ni mahali pakavu pa kusimama, wala si nguvu za misuli. Wachezaji wa mawimbi na matanga wa Ulaya wanaoingia baharini wakati wa baridi kali wana kanuni inayotokana na fikra hiyo hiyo: mtu huvaa kwa kufikiria maji atakayoangukia, si hewa aliyosimama ndani yake ufukweni. Sisi wa mlimani tuvae na tufungashe kwa kufikiria jiwe tutakalokalia, si njia tunayoipanda.

Hapa nitajibiwa kwamba watu wa huku wamezoea baridi. Wabukusu watasema: kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili bila baki, vijana wetu wa kutahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, wakapakwa tope la baridi mwili mzima, wakasimama imara mbele ya ukoo. Je, kijana wa namna hiyo ataogopa ukungu wa Elgon? Naiheshimu hoja hii, na nadhani ikitazamwa vizuri inaunga mkono ninachosema. Baridi ya mtoni ina mwisho unaojulikana. Kijana hurudi nyumbani na umati wa jamaa wakiimba, mwendo wenyewe ukimpasha moto, na kazi ikiisha kuna blanketi, kuna moto, kuna watu wa kumhudumia. Wazee waliopanga mambo hayo walijua njia ya kurudi ni fupi. Vivyo hivyo kwa Waogiek na Wasabaoti wanaoishi na kuchunga Chepkitale, juu kule kwenye nyika ya baridi mwaka mzima. Wao wanayo nyumba yenye moto, wanajua kila kijia, na mvua ikiwazidi wanaingia ndani. Uzoefu wao mkubwa ni kujua mahali pa kusimama. Mgeni aliyetoka Kanduyi na begi la mgongoni anaweza kuwa na moyo kama wao, lakini hana nyumba yao.

Wengine husema: mbona Januari usiku ni baridi zaidi? Hilo nalo ni kweli, na wanaopanga safari za kiangazi walijue. Kuanzia Desemba hadi Februari anga huwa wazi, joto la ardhi hupotea usiku bila wingu la kulizuia, na asubuhi utakuta umande umeganda juu ya hema. Kwa kipimajoto peke yake, usiku huo unaweza kuushinda usiku wa Agosti. Lakini ni baridi kavu. Nguo zako zinabaki nguo, mfuko wa kulalia unabaki na joto lake, na jua likichomoza unaanika kila kitu kwenye mwamba. Agosti kilicholowa siku ya kwanza kitabaki kimelowa siku ya tatu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kipimajoto ni mshauri mdogo. Ukiniuliza nichague kati ya usiku mkavu wa nyuzi sifuri na alasiri ya mvua ya nyuzi 6, nitachagua sifuri bila kusita.

Mvua ya Elgon nayo ina tabia, na anayeijua tabia hiyo ana nusu ya uamuzi mkononi. Asubuhi nyingi, hata za Agosti, huanza vizuri. Jua linavyopanda, ardhi hupata joto, na hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea mlimani, ikapoa na kugeuka wingu. Kufikia saa nane mchana mara nyingi tayari kuna ngurumo, na bonde zima la ziwa hili ni kati ya maeneo yanayopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Kwa hiyo asubuhi nzuri Endebess au Kapsokwony haisemi lolote kuhusu saa tisa alasiri kileleni. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya kaunti usomwe, lakini usomwe kama habari ya mji: wakisema ngurumo za alasiri Trans Nzoia, wewe hesabu kwamba juu zitawahi zaidi. Panga kuanza kutembea mara kunapopambazuka, na mkubaliane usiku uliotangulia saa ya kugeuka. Mimi ningeiweka saa sita mchana, mmefika au hamjafika, bila mjadala wa kwenye njia. Uamuzi unaofanywa huku kilele kinaonekana na picha zinasubiriwa huwa si uamuzi tena.

Sasa tufanye jaribio lenyewe, na ningependa kila kiongozi wa kundi alifanye kwa kalamu na karatasi. Ni saa nane mchana, mko mita 3,900, mvua inanyesha, na mmoja wenu hawezi kukanyaga. Zitapita saa ngapi kabla hajalala chini ya paa? Kwa upande wa Chorlim, barabara ya ndani ya hifadhi hufika karibu mita 3,500 wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo ule huteleza kiasi kwamba gari linaweza kushindwa mbali kabla ya hapo, na kila kilomita ambayo gari halikufika ni kilomita ya kumbeba mtu. Kumbeba mtu mzima kwenye mteremko wa matope huchukua mara tatu au nne ya muda wa kawaida, na huwachosha wabebaji hadi nao waanze kupoa. Simu inaweza kukosa mtandao, hivyo mtu wa kuomba msaada huenda akalazimika kushuka kwa miguu kwanza, na maaskari wa hifadhi nao lazima wapande. Upande wa Bungoma, njia ya Kimilili inayopita Kapsokwony na Kaberwa hadi Chepkitale ni ndefu zaidi na haina pilikapilika za watalii. Ukijumlisha kwa haki utapata saa tano, pengine nane, pengine usiku mzima. Jua huchwa kabla ya saa moja. Hiyo ndiyo saa ya kusimama ninayoisema, na ndiyo inayoamua mzigo.

Mzigo wenyewe basi unajieleza. Kundi liwe na hema au walau turubai la kutosha watu wote kuingia kwa pamoja, mfuko wa kulalia mmoja au miwili hata kama mnarudi siku hiyo hiyo, sponji nyembamba ya kukalia, kwa kuwa ardhi hunyonya joto haraka, na jiko dogo la gesi lenye sufuria. Usitegemee kuokota kuni: juu ya msitu kuna nyasi, vichaka na ile mimea mikubwa ya ajabu ya Elgon, vyote vimelowa, na moto wa hovyo katika hifadhi ni kosa na ni hatari. Kila mtu awe na jaketi la mvua la kweli, suruali isiyo jinzi, kofia ya mavin, glavu, na seti moja ya nguo kavu ambayo haivaliwi hata iweje mpaka mkisimama. Nguo hizi hazihitaji pesa nyingi. Kwenye mitumba ya Kitale, Chwele au Bungoma mjini utapata sweta za sufu na fulana za manyoya ya poliesta kwa bei ya kawaida, na sufu ina sifa kwamba hata ikilowa inabakiza joto kiasi. Nguo kavu zifungwe kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi.

Kuna jambo hapa linaloniuma. Makundi mengi hukagua jaketi zao na kusahau za wapagazi na waongozaji. Kijana wa Kaberwa aliyeajiriwa kubeba mizigo anaweza kupanda na kaptula na fulana ya mpira, kwa sababu hana kingine, naye ndiye anayetoka jasho kuliko wote na atakayepoa haraka kuliko wote mkisimama. Mkisema "mwongozaji amesema hakuna shida", kumbukeni kwamba anayetegemea siku ya kazi si rahisi kusema kuna shida. Badala ya kumuuliza kama mtafika, muulize: mtu akiumia pale juu, tutamshusha vipi, na wewe mwenyewe utavaa nini? Jibu lake litakufundisha mengi. Na kama hana jaketi, mnunulieni kabla ya kununua soda za safari.

Dalili za mwili kupoa ziwe zinajulikana na wote, kwa sababu anayeugua hajitambui. Kwanza hutetemeka na kulalamika. Kisha anajikwaa, vidole vinashindwa kufunga zipu, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, na anaanza kusema yuko sawa, aachwe akae kidogo. Hapo ndipo pa kusimamisha safari. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya sana. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, mlazeni juu ya sponji na si juu ya udongo, mtu mwenye joto aingie naye kwenye mfuko wa kulalia, na kama anameza vizuri apewe chai ya sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe. Pombe hupanua mishipa ya ngozi: mtu huhisi joto huku joto la ndani likimtoka.

Wenye kuongoza wanafunzi wana mzigo mwingine. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, na kundi la watoto 40 halina kasi nyingine isipokuwa ya yule wa mwisho. Nitaambiwa basi limekwisha kulipiwa, wazazi wametoa pesa, likizo ya Desemba ni mbali. Pesa iliyolipwa imekwenda, mpande msipande, haiwezi kuwa sababu ya kupanda. Na hakuna aliyesema mlima ni kilele tu. Jaribio la saa ya kusimama, likifanywa kwa mita 2,400, linatoa jibu tofauti kabisa: nyuzi ni nyingi zaidi, miti inakinga upepo, barabara iko karibu, na mtoto aliyelowa anafikishwa kwenye gari ndani ya saa moja. Huko chini kuna msitu wa podo na mizeituni mikubwa, kuna mapango ya Kitum na Makingeny ambako tembo wameingia vizazi na vizazi kuchimba chumvi ukutani. Tahadhari moja tu: pango lisigeuzwe kibanda cha kujibanza mvua kwa saa nyingi. Visa viwili vya homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, vilihusishwa na watu waliokuwa wameingia Kitum, na popo wa matunda wanajulikana kubeba virusi hivyo. Ingieni na askari wa hifadhi, msiguse popo wala mavi yao, mtoke. Msipotaka mlima kabisa, kinamasi cha Saiwa kina nzohe na njia za mbao, na kwa watu wa Bungoma maporomoko ya Nabuyole kule Webuye hayapendezi wakati wowote kama yanavyopendeza Nzoia ikiwa imejaa. Kilele kisubiri Desemba mwishoni au Januari. Koitobos haihami.

Wanaoamua kupanda hata hivyo, wakiwa na jibu lao la saa ya kusimama, wana kazi moja ya mwisho kabla ya kuondoka. Mwachieni mtu mmoja mjini karatasi yenye majina ya wote, njia mtakayopita, namba ya lango au kituo cha msitu, na saa mbili zilizoandikwa: saa mnayotarajia kupiga simu mkishashuka, na saa ambayo, simu isipopigwa, yeye atapiga bila kungoja zaidi na bila kuogopa kuonekana mwoga. Asiwe mtu wa kusema "labda betri imeisha". Na nyinyi mkishafika chini salama, hata kama mmechoka vipi, mpigieni kabla ya kuvua viatu.